Tarehe Zinazohama: Kusikiliza Mahubiri ya William Branham kwa Mpangilio wa Miaka

Kila hubiri lililorekodiwa la William Branham, mhubiri wa Marekani ambaye wafuasi wake humwita Nabii, lina namba, na kazi yote inaanzia hapo. 63-0318 ni tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka 1963. Ukiona herufi M mwishoni, lilihubiriwa asubuhi. Ukiona E, ni jioni. Katika nakala zilizochapwa, kila aya nayo ina namba yake. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yako akasema "Nabii alisema," muulize kwa upole: hubiri namba ngapi, aya ya ngapi? Huo si ubishi. Mahubiri yaliyohifadhiwa ni zaidi ya 1,100, kuanzia Aprili 1947 hadi Desemba 1965, na katika miaka hiyo mafundisho yake kuhusu siku za mwisho yalihama zaidi ya mara moja. Nukuu isiyo na mwaka inauficha uhamaji huo.

Nawaandikia wanaosikiliza Ujumbe, kama wafuasi wa Branham wanavyoyaita mafundisho yake, kwa Kiswahili hapa Uganda, pamoja na ndugu zao wasiojua waseme nini. Kongo ni moja ya nchi zenye wafuasi wengi wa Branham, na Wakongo waliokimbilia Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na mitaa ya Kampala walikuja na imani yao pamoja na vitabu vyao. Mahubiri yanasikilizwa kwenye simu kutoka memori kadi, vitabu vidogo vinapita mkono kwa mkono, na mara nyingi kinachomfikia msikilizaji ni vipande tu: dakika kumi za mwaka 1963, aya mbili za 1965, sentensi moja ya 1958. Vikichanganywa, vinasikika kama fundisho moja lililoshuka likiwa limekamilika. Vikipangwa kwa miaka, unamsikia mtu anayebadilika.

Branham alizaliwa Kentucky, Marekani, tarehe 6 Aprili 1909, akakulia Jeffersonville, Indiana, na huko ndiko alikochunga kanisa lake. Alisema kwamba Mei 1946 malaika alimtokea akampa karama ya kuponya, na baada ya hapo mikutano yake ikajaza kumbi na viwanja Marekani, Ulaya, na mwaka 1951 Afrika Kusini. Miaka hiyo hakuwa mhubiri wa kalenda. Sikiliza mahubiri ya 1947 hadi 1952: ni imani, uponyaji, toba, wagonjwa wakipangwa foleni na kadi zao za maombi. Wabaptisti, Wamethodisti na Wapentekoste walikaa benchi moja, naye akawaambia warudi makanisani kwao wakamtumikie Mungu huko huko.

Kufikia 1963 anafundisha kwamba dhehebu ndiyo njia ya kuipata alama ya mnyama, na kwamba Bibi-arusi wa Kristo lazima atoke humo. Haya hayajifichi; yote mawili yamo kwenye kanda. Anayekuambia leo kwamba ukibaki Church of Uganda au kwa Wakatoliki umepotea, anamnukuu Branham wa mwisho dhidi ya Branham wa mwanzo. Ninavyoona mimi, mabadiliko hayo yana sababu za duniani pia. Katikati ya miaka ya 1950 wimbi la mikutano ya uponyaji lilipungua Marekani nzima, makanisa yaliyokuwa yakigharamia mikutano yakarudi nyuma, na mwaka 1956 mamlaka ya kodi ikaanza kumdai. Shauri hilo likaisha kwa makubaliano nje ya mahakama, akabaki na deni la dola 40,000 hivi. Mhubiri aliyezoea viwanja vilivyojaa akawa na muda mwingi kwenye mimbari ya kanisa lake, mbele ya watu wake mwenyewe, na hapo ndipo mafundisho ya mihuri na ngurumo za kitabu cha Ufunuo, na ya nyakati za kanisa, yalipokomaa.

Mwaka huo huo wa 1956 ndio wenye dalili ya kwanza ya kalenda. Alitangaza kwamba huo ndio mwaka wa uamuzi kwa Marekani: ama taifa lingepokea wito ama lingeukataa moja kwa moja. Mwaka ukapita. Katika mahubiri ya baadaye kauli hiyo inarudi ikiwa imegeuka: Marekani ilikataa mwaka ule. Hakuna tukio linaloweza kupimwa. Shika mbinu hiyo, kwa sababu itarudi mara nyingine: tarehe ikipita, tukio linahamishiwa mahali ambapo macho hayafiki.

Nyakati saba na wajumbe saba

Desemba 1960 alihubiri mfululizo juu ya makanisa saba ya Ufunuo sura ya 2 na ya 3. Kila kanisa likawa kipindi cha historia, na kila kipindi kikapewa mjumbe: Efeso ni Paulo, Smirna ni Irenayo, Pergamo ni Martin wa Tours, Thiatira ni Columba, Sardi ni Luther, Filadelfia ni Wesley. Laodikia, kipindi cha mwisho, kilianza 1906, na mjumbe wake ni nabii mwenye roho ya Eliya wa Malaki 4:5.

Tarehe zinazotenganisha vipindi, yaani 170, 312, 606, 1520 na 1750, zilikuwa kwenye chati za Clarence Larkin, mwalimu Mbaptisti wa Marekani aliyefariki 1924. Larkin aliweka mwanzo wa Laodikia mwaka 1900. Branham akasogeza hadi 1906, mwaka wa uamsho wa Kipentekoste wa Azusa Street, Los Angeles. Wazo la wajumbe saba nalo lilikuwepo: wafuasi wa Charles Taze Russell, aliyefariki 1916, walikuwa na orodha yao iliyoanzia kwa Paulo, ikapita kwa Luther, na kuishia kwa Russell mwenyewe. Kuazima si dhambi, na walimu wa Biblia huazimana siku zote. Shida inaanza pale msikilizaji anapoambiwa kwamba mpangilio huu ulikuwa umefichwa tangu Yohana wa Patmo mpaka ulipofunuliwa Jeffersonville.

Chukua kipindi kimoja ukikague. Thiatira, kwa hesabu yake, ni 606 hadi 1520. Mjumbe wake ni Columba, mmisionari wa Ireland aliyefanya kazi kisiwa cha Iona huko Scotland. Columba alifariki 597. Mjumbe amekufa miaka 9 kabla ya kipindi chake kuanza. Huhitaji chuo cha theolojia kuliona hilo. Kamusi yoyote ya historia ya kanisa ina mwaka wa kifo chake. Na kosa hili lina uzito, kwa sababu ngazi nzima imejengwa ili ikufikishe ngazi ya saba. Mjumbe wa nne asipolingana na miaka yake, kanuni ya "kila wakati una mjumbe wake" inakosa mhimili, na ile ngazi ya saba inabaki ikining'inia.

Jambo jingine la kufuatilia ni jinsi mjumbe wa saba anavyokaribia kutajwa. Miaka ya mwanzo ya 1950 Eliya huyo ni mtu atakayekuja, au ni huduma fulani. Desemba 1960 anaelezwa kwa sifa: hapendi madhehebu, anapenda nyika, anakemea wanawake wasio na adabu, si msomi. Msikilizaji anamjua mwindaji mmoja tu mwenye sifa hizo, naye yuko mimbarini. Hatamki jina. Mtu aliyehitimisha mwenyewe hushika hitimisho lake kwa nguvu kuliko aliyeambiwa, na ndiyo sababu ukimwambia mfuasi "Branham alijiita Eliya," atakujibu kwa haki kabisa, "Hakusema hivyo." Usiingie kwenye mabishano hayo. Uliza sifa zile zilitajwa na nani, lini, na mbele ya nani.

Maono ya 1933

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi hushikwa. Inasemwa kwamba Juni 1933 Branham aliona maono saba ya mambo yatakayotukia kabla ya mwisho. Kwa muhtasari: Mussolini angeivamia Ethiopia kisha afe kwa aibu, Marekani ingepigana na Ujerumani kwenye ngome kubwa ya zege, ufashisti, unazi na ukomunisti vingeishia kwenye ukomunisti, magari yangekuwa na umbo la yai, na moja lingejiendesha lenyewe, maadili ya wanawake yangeporomoka na kura zao zingemchagua mtu asiyefaa, mwanamke mwenye nguvu angetawala Marekani, na mwishowe Marekani ingebaki vipande na moshi.

Mtu akisikia haya mwaka huu anashtuka. Mussolini alivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuuawa Aprili 1945. Ngome ya Siegfried ilijengwa. Magari yanayojiendesha yapo. Amejuaje?

Chora daftari lako safu nne. Ya kwanza: namba ya hubiri. Ya pili: alichosema kuhusu ono fulani, neno kwa neno. Ya tatu: tukio lenyewe na tarehe yake. Ya nne: je, hubiri limetangulia tukio, au limefuata? Kanuni ni moja tu: utabiri unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza yenye ushahidi kwamba ulitamkwa, hauhesabiwi kuanzia siku ambayo mtabiri anasema aliupokea. Ukiishika kanuni hii, kazi inakuwa nyepesi.

Kanda ya kwanza ni ya 1947. Mussolini alikuwa amekufa miaka miwili. Vita na Ujerumani vilikuwa vimekwisha. Magari yalikuwa yameanza kuviringwa tangu miaka ya 1930, na maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1939 yalikwisha kuwaonyesha watu wazo la magari yanayoongozwa na mitambo barabarani. Yote yaliyotimia yamo kwenye safu ya "limefuata."

Kura ya wanawake ndiyo inayofundisha zaidi. John Kennedy, Mkatoliki, alichaguliwa kuwa rais tarehe 8 Novemba 1960. Siku tano baadaye, tarehe 13 Novemba, Branham anasimama Jeffersonville na kuyaunganisha maono ya kura za wanawake na uchaguzi huo. Ono lililokuwa la jumla likapata jina na sura baada ya matokeo kutangazwa. Kuanzia hapo mwanamke mwenye nguvu naye anazidi kuelekezwa kwenye Kanisa Katoliki, na hofu ya Urumi inaupita ukomunisti katika mahubiri yake. Kennedy aliuawa Novemba 1963. Urumi haukutawala Marekani. Muungano wa Kisovieti, uliotakiwa kumeza itikadi nyingine zote, ukavunjika 1991.

Linganisha pia simulizi na simulizi. Idadi, mpangilio na maelezo ya maono havifanani katika kanda zote. Anayekumbuka jambo la zamani anaweza kuchanganya mpangilio, na hilo peke yake lisingenisumbua. Linanisumbua kwa sababu maelezo yanayoongezeka ni yale yanayolingana na habari za mwaka alipokuwa akisimulia.

1977

Kutokana na maono hayo Branham alifika kwenye mwaka 1977. Aliutaja katika mahubiri ya nyakati za kanisa, akaurudia Agosti 1961 alipofundisha juma la 70 la Danieli sura ya 9 (juma moja huhesabiwa kuwa miaka 7), ambako aliunga hesabu ya yubile 70 za Mambo ya Walawi 25. Mwaka 1965 mwaka huo ukachapwa kwenye kitabu cha nyakati saba: kufikia 1977 mifumo ya dunia ingekuwa imekoma na utawala wa miaka elfu kuingia. Kitabu kinaweka kinga pale pale, kwamba anakisia na hatabiri.

Kuna mambo mawili ya kujua hapa. La kwanza, kitabu cha nyakati za kanisa si nakala ya kanda za Desemba 1960. Kiliandaliwa na mchungaji Lee Vayle akishirikiana na Branham, na lugha yake imepangwa kuliko ya mimbarini. Anayetaka kujua Branham alisema nini 1960, asikilize kanda ya 1960. La pili, ile kinga haikufanya kazi kwa wasikilizaji. Mtu unayemwamini kuwa ni sauti ya Mungu kwa kizazi chako akikupa mwaka, hesabu ya yubile na maono saba, huwezi kuyapokea kama makisio ya kawaida. Watu walipanga maisha kwa mwaka ule.

1977 ulipopita yalipatikana majibu ya aina tatu, na mpaka leo utayasikia. Alikisia tu. Au: mifumo ilikwisha kiroho, hatukuiona. Au: kalenda yetu ina makosa, mwaka halisi wa 1977 uko mbele. Kila jibu linaweza kutetewa likiwa peke yake. Lakini mtu mmoja akiyashika yote matatu kwa pamoja, fundisho limefika mahali ambapo hakuna tukio lolote linaloweza kulisahihisha.

Wingu, mihuri na nusu ya juma

Tarehe 28 Februari 1963 jioni, wingu la ajabu lenye umbo la pete lilionekana juu ya Flagstaff, Arizona. James McDonald wa Chuo Kikuu cha Arizona alikusanya picha na kukadiria kimo chake kuwa zaidi ya kilomita 40, juu mno kwa wingu la kawaida. Picha zilitoka kwenye jarida la Science mwezi Aprili na kwenye Life mwezi Mei. Mchana wa siku hiyo hiyo, roketi aina ya Thor ilikuwa imelipuliwa angani baada ya kurushwa kutoka kituo cha Vandenberg, California.

Branham alikuwa amesimulia tarehe 30 Desemba 1962 kwamba aliona kundi la malaika saba. Machi 1963 alikwenda kuwinda Arizona, upande wa mlima Sunset, mbali sana na Flagstaff, kisha akarudi Jeffersonville na kuhubiri mihuri saba kuanzia tarehe 17 hadi 24. Katika mahubiri hayo wingu halipo. Linaingia baada ya magazeti kutoka, na tangu hapo linasimuliwa kwamba malaika walipoondoka kwake ndio waliolifanya, naye akiwa amesimama chini yake. Weka tarehe nne mstari mmoja, yaani wingu, safari ya kuwinda, mahubiri ya mihuri, na gazeti, halafu usikilize tena. Picha ya wingu hilo imetundikwa ukutani kwenye makanisa mengi ya Ujumbe, kwa hiyo fanya zoezi hili kwa heshima na bila kumwaibisha mtu.

Mihuri yenyewe ina fundisho lililohama bila kelele. Mwaka 1961, akifundisha Danieli sura ya 9, juma la 70 limebaki lote: miaka 7 ya Dhiki Kuu baada ya kunyakuliwa kwa kanisa. Mwaka 1963 juma limekatwa katikati. Nusu ya kwanza ilitimizwa na huduma ya Yesu, imebaki miaka 3 na nusu kwa ajili ya Wayahudi. Walimu wengine wa Kikristo wamewahi kushika mojawapo ya misimamo hii, na mtu anaruhusiwa kusoma zaidi akabadili mawazo. Ila fundisho la 1961 nalo lilitolewa kama ufunuo. Funuo mbili za jambo moja zinapopishana, na hakuna anayesema la kwanza lilikosewa, msikilizaji anajifunza kutouliza.

Tarehe 24 Machi jioni, kwenye muhuri wa saba, alisema siri yake haijafunguliwa. Kauli hiyo ndiyo iliyozaa matawi mengi ya Ujumbe yaliyopo leo. Wapo wanaosema ulibaki umefungwa. Wapo wanaosema ngurumo saba za Ufunuo 10 zimekwisha kuufungua, na mchungaji wao ndiye aliyezisikia. Wapo wanaosema Kristo amekwisha kuja tangu 1963, na mlango wa rehema umefungwa.

Aprili 1965, akiwa Los Angeles, alitangaza kwamba mji ule utazama baharini, na inasimuliwa kwamba alimwambia mwanawe Billy Paul kuwa papa wangeogelea pale walipokuwa wameketi kabla Billy Paul hajawa mzee. Billy Paul alizaliwa 1935. Uzee ukamfikia, mji ukiwa bado umesimama.

Gari la Branham mwenyewe liligongwa na gari jingine huko Texas tarehe 18 Desemba 1965, naye akafariki tarehe 24. Mkewe alikuwa amejeruhiwa vibaya, na mwili haukuzikwa hadi tarehe 11 Aprili 1966, siku moja baada ya Pasaka. Katika miezi hiyo wako waliongoja afufuke. Alikuwa ameacha ono la hema kubwa lenye chumba kidogo cha mbao, ambamo huduma yake ya mwisho ingefanyika, na hema hilo halikuwahi kusimamishwa. Wengine wanangoja arudi alisimamishe. Wengine wanasema hema ni kanda zenyewe, na ndiyo maana kuna makanisa ambako mchungaji hahubiri: kinachosikika ni sauti ya Branham, kwa himizo la Voice of God Recordings, shirika la Jeffersonville linalosambaza kanda hizo, linaloongozwa na mwanawe Joseph.

Tarehe ikipita, fedha ziko wapi?

Uganda tunajua mambo haya yanaweza kufika wapi. Kundi la Kanungu halikuwa la Branham; lilitoka ndani ya Ukatoliki, likiongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na padre Dominic Kataribabo. Lakini mwendo wa tarehe ni ule ule, na kwao unaonekana hadi kwenye mali. Wafuasi waliuza mashamba na mifugo, wakakabidhi fedha. Mwisho ulitangazwa kuwa 31 Desemba 1999. Asubuhi ya Januari ilipofika watu wakaanza kudai vyao. Tarehe ikahamishwa: 17 Machi 2000. Kabla yake kukafanyika karamu, ng'ombe wakachinjwa, kreti za soda zikanunuliwa. Tarehe 17 watu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa kwa misumari, na siku zilizofuata polisi wakafukua miili kwenye nyumba nyingine za kundi hilo, hata Buziga, Kampala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 700.

Tarehe peke yake haikuua mtu Kanungu. Hatari ilikuwa tarehe pamoja na mali isiyorudishika, pamoja na kiongozi asiyeweza kukiri. Makanisa mengi ya Ujumbe ninayoyajua habari zake ni watu wapole, wanaovaa kwa heshima, wanaolipa madeni yao, na siyaweki kapu moja na Kanungu. Ila nawasihi wenye ndugu humo wachunguze hayo mawili, mali na kukiri, kabla ya kubishana juu ya muhuri wa saba.

Ninalopenda kuwakumbusha Waganda ni kwamba uamsho wetu wenyewe haukuhitaji kalenda. Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe mwaka 1929, kilichofuata kilikuwa toba, kuungama hadharani, na kurudisha vilivyoibwa. Walokole waligawanyika baadaye kwa mambo mengi, lakini hakuna mwaka uliopita ukawaacha uchi.

Sasa mwenendo. Ukitaka kukaa na ndugu aliye katika Ujumbe, usianze na 1977, ameshaandaliwa jibu. Anza na kitu anachoweza kukikagua yeye mwenyewe akiwa peke yake: Columba, au zile tarehe nne za wingu. Sikiliza pamoja naye 61-0806 (juma la 70) na 63-0323 (muhuri wa sita), mahubiri yote mawili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu akiletewa vipande atadhani umekata. Mwache aandike mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 18:22 (nabii ambaye neno lake halikutimia) na Mathayo 24:36 (hakuna aijuaye siku ile wala saa) anazijua; ukizitupa mapema unamfungia mlango. Na akiuliza kama kila alichopokea humo ni uongo, usimjibu ndiyo. Aliacha pombe humo, akajifunza kuomba humo, na hayo ni yake.

Upande wa mali, kuwa mkali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Uganda, ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Mwenzi akiona kibanja kinatangazwa, aende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, siku hiyo hiyo, aeleze kwa maandishi kwamba hajakubali, abaki na nakala yenye muhuri. Mnunuzi mwenye akili ataondoka. Sadaka ya ardhi kwa jina la mchungaji binafsi ni jambo la kukataa hata kama kanisa ni la nani. Kama ni ya kanisa, iandikwe kwa wadhamini waliosajiliwa. Hati, kitambulisho cha taifa na, kwa mkimbizi, kadi ya ukimbizi na kadi ya chakula, vikae kwa mwenyewe. Kiongozi anayekusanya vitambulisho "kwa usalama" aripotiwe polisi, na kambini aripotiwe pia kwa kamanda wa kambi kwenye ofisi ya Waziri Mkuu.

Dawa nazo zisingoje. Branham aliombea wagonjwa maisha yake yote, lakini hakufundisha kwamba daktari ni adui, na hilo liko kwenye kanda. Mgonjwa anayetumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, au wa kisukari anayeambiwa aache vidonge kwa jina la Ujumbe amepewa fundisho la mtu mwingine. Kwa watoto waliotolewa shule kwa sababu "muda umekwisha," angalia kwanza kalenda ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda: mtihani wa PLE, wa kumaliza shule ya msingi, hufanyika mwisho wa mwaka, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla, na mtoto wa P7 aliyekosa usajili anapoteza mwaka mzima hata akirudi darasani muhula wa pili. Mwone mwalimu mkuu muhula wa kwanza, ukiwa na cheti cha kuzaliwa au barua ya LC, na umwombe alirudishe jina lake kwenye orodha.